Kukabili bakteria wa ukoga kwa mimea: mwongozo kamili wa mswaki wa mti, mwarobaini, karafuu na chai ya kijani

Saa kumi jioni, kabla hujapiga mswaki, kwangua kwa ukucha jino la chini la mbele upande wa ulimi. Ule utando mweupe, laini kama uji mzito, unaobaki chini ya ukucha ndio ukoga. Wengi hudhani ni masalio ya ugali au mkate. Kumbe ni bakteria hai, mamilioni kwa mamilioni, waliolishika jino na kujifunika ute wanaoutengeneza wenyewe. Utando huo ukiachwa ndio unaotoboa meno, ndio unaozitoa fizi damu, na harufu mbaya ya kinywa nayo kwa sehemu kubwa inatoka humo.

Watu wa huku kwetu wameushughulikia kwa mimea tangu zamani. Neno letu lenyewe ni ushahidi: mswaki ni jina la mti, ni jina la kijiti kinachokatwa kwenye mti huo, na mwisho likahamia kwenye brashi ya dukani.

Nimekulia Tanga, katika nyumba ambayo bibi yangu hakuwahi kumiliki brashi, na alifariki akiwa na karibu meno yake yote. Katika nyumba hiyohiyo mjomba alisukutua maji ya mwarobaini asubuhi na jioni, miaka nenda miaka rudi, na bado aling'olewa magego manne. Sikuelewa kwa muda mrefu imekuwaje, maana wote wawili walitumia miti. Bibi alikuwa anasugua. Mjomba alikuwa anasukutua tu, tena baada ya chai yenye vijiko vitatu vya sukari. Yote ninayoeleza hapa chini yanatokana na tofauti hiyo: ukoga ukwanguliwe kwanza, ndipo mmea upewe nafasi ya kufanya kazi yake.

Kwa nini kusukutua peke yake hakutoshi

Mtu wa kwanza kuwaona viumbe wa ukoga alikuwa Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, aliyekuwa akijitengenezea lenzi zake. Mwaka 1683 aliwaandikia wanasayansi wa Royal Society mjini London kwamba katika uchafu alioukwangua kati ya meno yake ameona viumbe wadogo wakienda mbio. Akajaribu kuwaua kwa siki kali. Aliposukutua siki kisha akakwangua ukoga, viumbe walikuwa wazima. Alipouchanganya ukoga uliokwisha kukwanguliwa na siki hiyohiyo, wakafa. Akahitimisha kwamba siki iliwaua wale wa nje tu, haikupenya ndani. Zaidi ya miaka 300 imepita na hitimisho hilo bado ni kweli, iwe kwa siki, kwa mwarobaini au kwa dawa ya hospitali.

Kinywani mna aina zaidi ya 700 za bakteria, na walio wengi hawana madhara. Anayetajwa zaidi kwa kutoboa meno ni Streptococcus mutans, aliyeelezwa mara ya kwanza na J. Kilian Clarke mwaka 1924 huko Uingereza. Bakteria huyu akipata sukari hufanya mambo mawili kwa pamoja: huigeuza sehemu yake kuwa asidi, na sehemu nyingine huigeuza kuwa gundi inayowashikamanisha yeye na wenzake kwenye jino. Kiwango cha pH (kipimo cha asidi: kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) kikishuka chini ya takribani 5.5, jino huanza kupoteza madini yake. Bakteria wa magonjwa ya fizi ni wengine. Porphyromonas gingivalis, kwa mfano, hupenda mahali pasipo hewa, yaani kule chini ya ukingo wa ufizi ambako ukoga umekaa siku nyingi.

Muda nao una kazi yake. Ukoga huanza kujijenga saa chache tu baada ya kusugua. Ukiachwa siku kadhaa, madini ya mate huanza kuugandisha kuwa ugaga, ule ugumu wa manjano au kahawia usiotoka kwa ukucha. Mwaka 1965 Harald Løe na wenzake huko Denmark walichapisha jaribio ambalo watu 12 wenye fizi nzima waliacha kabisa kusafisha meno. Katika muda wa siku 10 hadi 21 wote walipata uvimbe wa fizi. Waliporudia kusafisha, fizi zikapona kwa takribani wiki moja. Jaribio hilo linanipa moyo kuliko dawa yoyote, kwa sababu linaonyesha jinsi ufizi unavyopona upesi ukoga unapoondolewa.

Hapa niseme neno kuhusu habari za "mmea fulani unaua bakteria wa meno". Mara nyingi habari hiyo imetoka kwenye sahani ya maabara. Mtafiti huwaotesha bakteria juu ya chakula chao, huweka kikaratasi kilicholowekwa maji ya mmea, na kesho yake hupima kwa rula upana wa duara ambalo bakteria wameshindwa kuota. Kipimo hicho kinafaa kwa kuchuja mimea ipi ifuatiliwe na ipi iachwe. Lakini sahani haina mate yanayoisafisha dawa kwa dakika chache, haina ukoga wa siku tatu, na bakteria wake hushinda na dawa mchana kutwa na usiku kucha, wakati wewe unasukutua dakika moja. Kwa hiyo uliza kila mara: mmea huu umepimwa vinywani mwa watu? Kwa mimea minne ninayoieleza hapa, jibu ni ndiyo.

Hatua ya 1: Pima ukoga wako kabla ya kuanza

Usianze na mmea, anza na kioo. Nunua rangi nyekundu ya chakula, ile ya kutilia keki. Tia matone matatu au manne katika vijiko viwili vya maji. Paka mafuta ya mgando midomoni ili rangi isishike, vaa nguo usiyoionea uchungu, kisha sukutua kwa nusu dakika. Tema, suuza kinywa mara moja kwa maji matupu, halafu jitazame kwa kioo na tochi ya simu. Pale palipobaki pekundu au pinki ndipo penye ukoga, kwa kuwa ukoga hunywa rangi na jino safi haliishiki.

Chora meno yako kwenye karatasi, safu ya juu na ya chini, kila jino na pande zake mbili: upande wa shavu na upande wa ulimi. Tia alama kila upande wenye rangi. Mwenye meno 28 ana pande 56. Ukikuta 34 zina rangi, gawa 34 kwa 56, zidisha kwa 100, unapata kama asilimia 61. Andika tarehe. Karatasi hiyo utairudia wiki ya tatu, na bila hiyo hutajua kama mmea umekusaidia au umekutia ladha tu kinywani.

Ukiona sehemu ngumu, hasa nyuma ya meno ya chini ya mbele, huo ni ugaga. Huota hapo zaidi kwa sababu mirija ya mate inafungukia karibu. Hakuna jani, mzizi wala mafuta yanayouondoa. Nenda kliniki ya meno ukwanguliwe kwanza, ndipo uanze hatua zinazofuata. Ukitumia mimea juu ya ugaga ni kama kupaka chokaa ukuta wenye kuvu.

Na kwa ndugu zetu wa Arusha, Meru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa: meno yenye madoa ya kahawia tangu utotoni, mara nyingi, hayana uhusiano na ukoga. Ni floraidi nyingi iliyokuwa katika maji ya kunywa wakati meno yanaumbika. Doa hilo limo ndani ya jino. Nimeona watu wakilisugua kwa majivu na mchanga mpaka wakajichuna fizi, nalo halikutoka. Tafadhali msijitese.

Hatua ya 2: Chagua mmea, na uhakikishe ndio wenyewe

*Mswaki.* Jina lake la kitaalamu ni Salvadora persica, na Waarabu huuita araki. Ni kichaka au mti mfupi unaostahimili ukame na chumvi. Unauona katika nyika za pwani, huko Turkana na Baringo, na katika maeneo makavu ya Tanzania. Ukiwa Oman au kwingineko Ghuba utakuta vijiti vyake vimefungwa kwa karatasi, vinauzwa nje ya misikiti.

Huu ndio ninaouweka mbele ya yote, nami nina sababu. Ukiutafuna mzizi wake unahisi ukali unaopanda puani kama haradali. Ukali huo ni benzili isothiosiyaneti, na watafiti wa Sweden wameonyesha kwamba unawaua bakteria kadhaa wa kundi linaloharibu fizi. Jambo la ajabu ni kwamba kiini hicho hakikai tayari ndani ya mti. Mti una malighafi yake upande mmoja na kimeng'enya, yaani kiini kinachochochea mabadiliko ya kikemia, upande mwingine, navyo hukutana pale nyuzi zinapopondwa. Yaani unapotafuna ndipo unapoitengeneza dawa, hapohapo kinywani. Bibi yangu hakujua kemia, lakini alijua kwamba kijiti kisichokuwa na ukali hakifai, na alikuwa na haki. Zaidi ya hapo, mswaki una silika (madini kama ya mchanga) inayosaidia kusugua, tanini inayokaza fizi, na nyuzi ambazo ni brashi tosha. Kukwangua na dawa viko katika kijiti kimoja.

*Mwarobaini.* Huu ni Azadirachta indica, uliokuja kwetu kutoka Asia ya Kusini na kupewa jina la magonjwa arobaini. Huko India watu hutafuna vijiti vyake kama sisi tunavyotafuna mswaki. Katika jaribio moja la huko lililochapishwa mwaka 2004, wanaume 36 walifuatiliwa kwa wiki sita. Jeli iliyotengenezwa kwa majani ya mwarobaini ilipunguza ukoga na bakteria vizuri kuliko dawa ya kusukutua ya klorheksidini waliyoilinganisha nayo. Watu 36 ni wachache, nami siwezi kukuambia kwa jaribio hilo kwamba mwarobaini umeishinda klorheksidini. Nakuambia kwamba unastahili kutumiwa kwa makini.

Makini yanaanzia kwenye kuutambua. Kuna mti mwingine, Melia azedarach, unaofanana nao na ambao baadhi ya watu huuita mwarobaini pia. Matunda yake ni sumu. Tofauti iko kwenye jani: la mwarobaini wa kweli lina kikonyo kimoja chenye vijani vimepangwa pande zake mbili, basi. La Melia, kikonyo kinagawanyika kuwa vikonyo vidogo, na vijani vinaota kwenye hivyo vidogo. Usipokuwa na hakika, acha.

*Karafuu.* Unguja na Pemba hazihitaji kufundishwa. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni eujenoli, kiini kinachoua bakteria na kutia ganzi. Ganzi hiyo ina hatari yake: inanyamazisha jino linalouma wakati tundu linaendelea kuchimba. Tumia karafuu kama maji mepesi ya kusukutua, usiitumie kama sababu ya kuahirisha kwenda kliniki.

*Chai ya kijani.* Ni majani ya mchai uleule wa Kericho, Nandi, Mufindi na Rungwe, ila hayakuachwa yageuke meusi. Yana katekini nyingi, kemikali za asili za majani hayo, ambazo huzuia kimeng'enya kinachomsaidia S. mutans kutengeneza gundi yake. Kwa hiyo nguvu yake kubwa iko katika kuwanyima bakteria mahali pa kushika. Kati ya maji yote ya kusukutua ninayoyajua, haya ndiyo mapole zaidi.

Majani ya mpera yana tanini na yanafaa kwa fizi zilizolegea. Yaandae kama mwarobaini. Manjano, tangawizi na mchaichai viache kwenye chakula na chai.

Vipo vya kukaa navyo mbali kabisa. Limau na ukwaju ni asidi, vinalilainisha jino kama bakteria wanavyofanya, na anayesugulia limau kupata meno meupe analila jino lake mwenyewe. Mkaa uliosagwa hukwaruza. Utomvu wa mnyaa huunguza. Usikate kijiti cha mti usioujua kando ya njia: baadhi ya miti ya maua tunayopanda uani, kama oleanda, ni sumu kali kuanzia jani hadi kuni.

Hatua ya 3: Andaa mswaki wa mti na uutumie ipasavyo

Tafuta mzizi au tawi mbichi lenye unene wa penseli au kidole kidogo, urefu wa shibiri moja hivi. Mzizi una ukali zaidi kuliko tawi. Likivunjika kwa sauti kavu limeshazeeka. Kijiti kizuri hupinda kidogo na kikikwanguliwa ganda kinatoa harufu. Kioshe. Menya ganda la nje upande mmoja, kiasi cha sentimita moja tu. Ukimenya ndefu nyuzi zitapinda na hazitasugua.

Kama kimekauka, loweka ncha katika maji ya kawaida kwa saa moja au zaidi, ila usikikeshe majini, maana kitabaki nyuzi tupu. Wala usikichemshe. Moto huharibu kile kimeng'enya, na ukali ulioutaka huenda zake na mvuke. Ndiyo maana mswaki siuweki kwenye orodha ya maji ya kuchemsha.

Sasa tafuna ncha polepole mpaka nyuzi zitengane na kuwa laini. Mate ya kwanza yatakuwa makali. Yazungushe kinywani kidogo kabla ya kutema. Kisha sugua, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Huko Saudi Arabia, katika jaribio la wanaume 15, mswaki wa mti uliondoa ukoga vizuri kuliko brashi, lakini baada ya watumiaji kufundishwa namna ya kuushika. Ukiutazama umma barabarani utaona watu wakisugua meno ya mbele tu, kushoto kulia, huku wakizungumza. Magego na upande wa ulimi haviguswi kabisa.

Ushike kama kalamu. Anza kwenye ukingo ambapo ufizi unakutana na jino, vuta kuelekea ncha ya jino: meno ya juu unashuka, ya chini unapanda. Usisugue kwa kwenda na kurudi kama msumeno, kwani watumiaji wa mswaki wa miaka mingi wameonekana na fizi zilizorudi nyuma na mashina ya meno yaliyolika kwa sababu hiyo. Kwa upande wa ulimi, kata kijiti kiwe kifupi kidogo au tafuna nyuzi zipinde, kisha ingiza kwa pembeni. Nenda jino moja baada ya jingine. Ukimaliza kinywa chote kwa uangalifu utakuwa umetumia kama dakika tano.

Nafasi kati ya jino na jino kijiti hakifiki, wala brashi. Tumia uzi wa meno. Njiti ya mbao ikitumiwa, iwe kwenye mianya mipana tu.

Kila siku kata ile ncha iliyotumika, menya mpya. Hifadhi kijiti mahali penye hewa, kisifungiwe mfukoni kikiwa kimelowa. Na kijiti ni cha mtu mmoja, hata baina ya mke na mume.

Hatua ya 4: Maji ya kusukutua

Tumia maji safi na sufuria ya stili au ya udongo.

Chai ya kijani: kijiko kimoja cha chai cha majani makavu, kama gramu 2, katika kikombe cha mililita 200. Chemsha maji, yaache yapoe dakika tatu, ndipo umimine juu ya majani. Funika dakika kumi, chuja, acha yapoe. Usitie sukari wala asali, kwa sababu utakuwa unawalisha wale unaopigana nao. Usitie maziwa: protini zake huzikamata katekini.

Mwarobaini: vijani 20 vibichi vilivyooshwa vizuri, kikombe kimoja na nusu cha maji, moto mdogo dakika kumi, chuja. Ni machungu, hakuna namna. Usiyameze. Mimi siyatumii zaidi ya wiki tatu mfululizo. Napumzika wiki mbili kisha narudia ikiwa fizi bado zinahitaji.

Karafuu: punje tano, ziponde kidogo, zimiminie kikombe cha maji yaliyochemka na ufunike mara moja, kwani kile unachokitaka ndicho kinachonukia, na kikinukia chumba kizima kimeshakutoroka. Dakika kumi na tano zinatosha. Mafuta ya karafuu ya chupa usiyatie kinywani bila mtaalamu; yanaunguza ngozi laini ya mashavu na ulimi.

Kwa yote, kipimo ni vijiko viwili vya mezani, dakika moja, ukiyapitisha kwa nguvu kati ya meno, kisha tema. Chagua moja, kuchanganya matatu hakuleti nguvu mara tatu. Yaliyobaki weka kwenye chupa safi katika friji na yamwage saa 24 zikipita. Kama huna friji, tengeneza asubuhi, maliza jioni. Maji ya majani hayana kihifadhi, na yakikaa bakteria wengine huota humo.

Hatua ya 5: Pangilia siku, na usiifukuze floraidi

Mmea haurudishi madini yaliyopotea kwenye jino kama floraidi inavyofanya. Shirika la Afya Duniani, ambalo limeshahimiza matumizi ya mswaki wa mti katika jamii zenye desturi hiyo, mwaka 2021 liliingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Vitu hivi viwili havigombani. Kinachogombana ni mpangilio: ukipaka dawa yenye floraidi kisha ukasukutua maji ya mwarobaini papo hapo, umeiosha sehemu kubwa ya floraidi.

Kwa hiyo usiku fuata utaratibu huu: uzi kati ya meno, kisha mswaki wa mti kinywa chote, kisha maji ya mmea dakika moja, na mwisho kabisa brashi yenye dawa ya floraidi. Tema povu, usisuuze, lala. Usiku mate hupungua na jino hubaki bila mlinzi, ndiyo sababu floraidi iwe ya mwisho. Asubuhi brashi na dawa peke yake inatosha. Mchana, baada ya chakula au kabla ya swala, ni zamu ya kijiti.

Ramadhani, wengi huutumia mswaki mkavu mchana. Maji ya kusukutua yahamishie baada ya futari na baada ya daku, hasa daku, kwa sababu tende na uji mtamu vikibaki kinywani vinakaa hadi magharibi.

Tukirudi kwa mjomba: alikuwa anakunywa ile chai yake tamu kidogo kidogo, funda hili sasa, jingine baada ya nusu saa. Kila funda tamu huwapa bakteria sukari ya kutengenezea asidi mpya, na mate huhitaji nusu saa hadi saa nzima kuituliza. Kikombe kile angekinywa mara moja pamoja na chakula, magego yale pengine angekuwa nayo. Ukipenda haluwa au kashata, kula baada ya mlo na umalize.

Hatua ya 6: Nani asubiri

Watoto walio chini ya miaka sita wasipewe maji ya kusukutua ya aina yoyote, kwa kuwa humeza. Mafuta ya mwarobaini na mafuta ya karafuu yafungiwe mbali nao: yapo matukio ya watoto waliopata degedege au kuharibika ini baada ya kunyweshwa mafuta hayo, wengine kiasi kidogo tu. Mjamzito atumie kijiti cha mswaki na chai ya kijani ya kutema, mwarobaini auache. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari wake kwanza. Ukihisi muwasho, malengelenge au uvimbe wa midomo, acha siku hiyohiyo.

Na kuna mambo ambayo hayasubiri mmea wowote: jino lenye tundu, usaha kwenye ufizi, jino linalotikisika, maumivu yanayokuamsha usiku. Uvimbe wa shavu au shingo wenye homa, au unaokuzuia kumeza, ni wa kwenda hospitali usiku huohuo, hata kama itabidi kukodi bodaboda.

Hatua ya 7: Wiki ya tatu, rudi kwenye rangi

Siku chache za mwanzo fizi zinaweza kutoa damu kidogo zaidi unapozigusa. Usiogope, wala usiruke sehemu hiyo. Ndiyo inayokuhitaji zaidi. Kufikia siku ya kumi damu iwe imepungua waziwazi. Ikivuka wiki mbili bila mabadiliko, kuna ugaga chini ya ufizi au kuna tatizo jingine la mwili, na kliniki ndiyo itakayolijua.

Siku ya 21, toa ile karatasi. Sukutua rangi tena kwa vipimo vilevile, saa ileile ya siku, chora upya. Aliyeanza na asilimia 61 akifika chini ya 20 amefanya kazi nzuri sana. Asilimia ikibaki palepale, usibadilishe mmea. Angalia kwanza zile alama zimekaa wapi. Mara nyingi zimejikusanya mahali pamoja: nyuma ya gego la mwisho, upande wa ulimi wa meno ya chini, au upande wa mkono unaoshikia mswaki, ambako kifundo hakipindi vizuri. Wiki inayofuata anzia kusugua hapo, kabla mkono haujachoka, na upime tena.